Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu wa halmashauri: tunaomba chumba cha kompyuta kifunguliwe

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Jina langu hulijui ila kazi yangu umeishika kwa mkono wako. Septemba 2023 ulipokuja shuleni kwetu kupokea zile kompyuta 20 uliegemea meza moja ukasema hizi meza ni imara. Hizo meza nimezitengeneza mimi, ziko kumi, kila moja inabeba kompyuta mbili, wazazi tulichanga mbao na mi nikatoa ufundi wangu bure kwasababu nina mabinti wawili kwenye shule ile, na nilijua kabisa zile meza watakaa wao.

Siku ile ulisema mbele yetu wote, wazee wa kijiji wapo, diwani yupo, watoto wamesimama juani toka saa mbili, ukasema mwalimu wa kompyuta atakuja kabla ya mwaka kuisha na watoto wetu hawatapitwa na watoto wa mjini. Tulipiga makofi sana. Mheshimiwa, mwaka uliisha, ukaisha na mwingine, sasa tuko mwezi wa sita tena na kile chumba kina kufuli.

Nimevumilia, Mungu anajua. Nimemwuliza mkuu wa shule zaidi ya mara tatu, kila nikienda naambiwa subiri. Kilichofanya niandike leo ni binti yangu mkubwa.

Huyu mtoto amemaliza kidato cha nne mwaka jana na matokeo yalipotoka mwezi wa kwanza ana C ya fizikia, C ya kemia na B ya baiolojia. Kwa shule yetu ya kata ambayo maabara yake ni jengo tu hiyo B nilienda nayo hadi msikitini kushukuru. Sasa wakati yuko shuleni walijaza zile fomu za kuchagua tahasusi, yaani kundi la masomo ya kidato cha tano, na yeye aliogopa masomo ya sayansi yatamwangusha akaandika HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Baada ya matokeo akasema baba mi nataka PCB, ile ya fizikia, kemia na baiolojia, nikamwambia sawa, si wanaruhusu kubadilisha. Wanaruhusu kweli, lakini kwenye mfumo wa mtandaoni, uingie na namba yako ya mtihani, ujibu swali la usalama, utengeneze paswedi, halafu ndo uchague, na tahasusi zenyewe siku hizi zimeongezwa zimefika 65.

Binti yangu hajawahi kushika mausi ya kompyuta. Hata siku moja. Simu yangu ndogo haiwezi kufungua mambo hayo vizuri, kwahiyo mwezi wa nne tukapanda bodaboda hadi mjini, elfu nane kwenda na kurudi, tukakaa kwenye foleni ya steshenari kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kijana wa pale akamjazia haraka haraka maana nyuma kuna watu kibao, akasema tayari, nikalipa elfu tano tukaondoka. Wiki mbili zilizopita majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yametoka, mtoto kapangiwa HKL. Tumerudi kwa yule kijana, kaangalia, anasema inaonekana haikusevu.

Haikusevu! Yaani mtoto kasoma kwa koroboi, kapata B ya baiolojia kwenye shule isiyo na darubini, halafu ndoto yake ya unesi inakwama kwenye kitufe kimoja ambacho angefundishwa kwa dakika tano kwenye chumba ambacho baba yake kakitengenezea meza. Aliniuliza baba, kwani kama ningefundishwa ile kompyuta, mi mwenyewe si ningeona kama haijasevu? Sikuwa na la kumjibu. Yule kijana wa steshenari simlaumu sana, alikuwa na watu wengi, na sisi tulisimama nyuma yake tunaangalia kioo kama tunaangalia maandishi ya Kichina. Tumeambiwa akaripoti hukohuko alikopangwa halafu aombe kubadilishiwa kama nafasi itakuwepo. Kama itakuwepo.

Baada ya hapo nikaenda shuleni, nikachungulia dirishani. Mheshimiwa, kwenye zile meza kuna magunia ya mahindi. Mahindi ya chakula cha wanafunzi, sawa, na yenyewe yanahitaji pa kukaa, lakini yamewekwa juu ya meza na kompyuta zimesukumwa ukutani zingine bado ziko kwenye maboksi yake. Mahindi na panya ni ndugu, na panya akishaanza kula nyaya hizo kompyuta ndo basi tena. Nilitoka pale mikono inatetemeka.

Sababu halisi sijaambiwa na mtu. Wengine wanasema umeme wa LUKU hauna wa kuununua, wengine wanasema mkuu anaogopa zikiibiwa atakatwa mshahara yeye maana mlinzi aliacha kazi, wengine wanasema kuna kibali kinasubiriwa kutoka kwenu. Mi nadhani ni vyote kwa pamoja, na kubwa zaidi ni kwamba hakuna mtu anayeulizwa. Kompyuta zikishapokelewa na picha zikapigwa kazi inahesabika imeisha.

Na usidhani walimu wetu hawataki. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyopewa walimu, mwalimu wa baiolojia wa pale anavitendea haki, alinunua bando kwa hela yake akapakua video ya moyo unavyosukuma damu akawaonyesha watoto kwa zamu, sita sita, kwenye kioo kile kidogo. Siku hiyo binti yangu alirudi akachukua penseli yangu ya useremala akanichorea moyo kwenye kipande cha plaiwudi, damu inaingia huku inatokea huku, hiki ni kizibo kinazuia isirudi. Mi darasa la saba wa zamani nikaelewa! Kile kipande ninacho mpaka leo karakana. Sasa fikiria kompyuta 20 zinaonyesha vile, na intaneti wala sio lazima kila siku, vitabu vya Taasisi ya Elimu viko mtandaoni, mtu akivipakua mara moja mjini akaviweka kwenye kompyuta zote watoto wanasoma, badala ya sasa hivi kitabu kimoja wanagombania watano. Majaribio ya kemia ambayo hatuna vifaa vyake watayaona hata kwa video.

Kipindi cha korona mwaka 2020 shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni vipindi vilikuwa redioni na kwenye TV, wenye navyo walisoma, wetu walilima. Tulisema haitajirudia. Leo mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, ajira za serikali zinaombwa mtandaoni, mtaala mpya ulioanza 2024 nao unataka TEHAMA, halafu mtoto wetu anakutana na kompyuta mara ya kwanza siku ambayo maisha yake yanaamuliwa kwenye hiyo kompyuta. Hii sio haki.

Mheshimiwa, nilitaka kuomba mwalimu, nilitaka kuomba intaneti na sola. Nayaacha hayo. Hapa kijijini kuna kijana ana diploma ya TEHAMA yuko nyumbani anafuga kuku, amekubali kujitolea siku mbili kwa wiki. Umeme wazazi tumekubaliana tutachanga, mia tano tano kwa mwezi. Ulinzi tutapeana zamu wenyewe usiku. Shelfu ya kuwekea magunia stoo nitaitengeneza mimi, mbao ninazo tayari. Mkuu wa shule anasema anachohitaji ni barua yako tu inayomruhusu afungue na mtu wa nje aingie kufundisha.

Barua moja, Mheshimiwa, ukurasa mmoja tu. Mdogo wake binti yangu yuko kidato cha pili, mwaka 2028 na yeye atakuwa kwenye foleni ya kubadilisha tahasusi, na mi elfu tano ya steshenari ninayo ila sitaki kuitoa tena.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa ofisi yako, na wazazi wenzangu wanne. Tunakuja kuichukua hiyo barua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, fundi seremala