Kichwa Kisichosikia Dawa, na Kwa Nini Flukonazo, Dawa ya Fangasi, Hatuuzi Ovyo

Wateja wetu wa dawa hapa Kongowea, Mombasa, wameshatuzoea. Mtu anafika dirishani anataka Panadol na dawa ya malaria, nasi tunamwanzia maswali: kichwa kimeanza lini? Unatapika? Unaona vitu viwili viwili? Mwangaza unakuumiza macho? Wengine hukasirika wakavuka barabara kununua kwingine. Sawa tu.

Kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye kinga imeshuka, yaani CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) chini ya 200 na hasa chini ya 100, kichwa kinachouma wiki nenda wiki rudi huenda ni fangasi walioingia kwenye utando wa ubongo. Wanaitwa kriptokokasi. Hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, njiwa hasa, na huingia mwilini kwa pumzi. (Msije mkawafukuza njiwa wa Mji wa Kale kwa sababu yetu, wengi tumeshawavuta fangasi hao na mwili ukawamudu bila sisi kujua.) Kinga ikianguka ndipo wanapopata nafasi.

Ugonjwa huu ni mjanja. Shingo si lazima ikakamae, na homa yaweza kuwa ndogo tu. Kwa hiyo mgonjwa hutibiwa malaria, kisha taifodi, na akianza kuweweseka husemwa ana jini, akapelekwa kupungwa. Kupungwa ni hiari ya familia, hatuingilii. Tunaomba tu damu ipimwe kwanza.

Kipimo chenyewe hakitishi. Tunatoa damu mkononi, tunaizungusha kwenye mashine mpaka maji yake yajitenge, tunachukua kidogo na kutumbukiza kijiti. Baada ya dakika kama 10 tunasoma: mstari mmoja, fangasi hawakuonekana; miwili, wapo. Uzuri wake ni kwamba huweza kuwanasa wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ndiyo maana tunawasihi wanaoanza ARV (dawa za virusi vya ukimwi) wakiwa na CD4 ya chini, na waliokatiza dawa wanaotaka kurudi (madereva wa malori ya njia ya Malaba, mnajijua), wapimwe hata kama wanajihisi wazima.

Sasa flukonazo. Kidonge kimoja cha miligramu 150 kinatibu fangasi wa ukeni, na kwa hilo tunauza. Lakini mwenye virusi akija na kichwa hicho, au na utando mweupe mdomoni na chakula kinamuuma kushuka, kumpa kidonge kimoja ni kumpotezea muda. Fangasi wa ubongo wana tiba nzito. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya mshipani, ile iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazo miligramu 1200 kila siku kwa wiki 2. Hayo ni mambo ya wodini. Baada ya hapo flukonazo huendelea kwa miezi mingi, dozi ikipunguzwa hatua kwa hatua.

Jambo linalowakimbiza watu hospitali ni kutolewa maji mgongoni. Mtaani wanasema utapooza. Sindano ile huingia chini kabisa, uti wenyewe wa neva ukiwa umeshaishia juu yake. Tena kwa ugonjwa huu ni tiba pia: presha ya maji kichwani hupanda sana, na yakipunguzwa mgonjwa mara nyingi hupata nafuu siku hiyohiyo. Msimkatalie mgonjwa wenu.

Na asianze ARV kwa pupa. Akishaanza tiba ya fangasi hawa wa ubongo, daktari humsubirisha wiki 4 hadi 6, kwa sababu kinga ikirudi kwa kishindo ubongo huweza kuvimba.

Kwetu mnapimwa malaria na kriptokokasi ndani, si dirishani, na jina halitajwi kwa sauti. Njooni na kadi ya kliniki na dawa zote mnazomeza. Mistari ikiwa miwili tunaandika barua ya kwenda hospitali. Ikiwa mmoja na kichwa bado kinauma, barua tunaandika vilevile, maana kifua kikuu nacho hupanda ubongoni. Mgonjwa aliyechanganyikiwa, anayeshikwa na kifafa au asiyeamka vizuri msipite naye hapa. Mpelekeni moja kwa moja Hospitali Kuu ya Pwani, hata kama ni saa nane za usiku.