Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa kaunti yetu: kipima unyevu kije kabla ya mavuno

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako. Wiki iliyopita mahindi yetu yamerudishwa tena kutoka ghalani: unyevu umepita asilimia 13.5. Karani alitukatalia kwa kifaa kinachoenea kiganjani. Idara yako inavyo vifaa hivyo. Mlipigwa navyo picha.

Tafadhali usitutume Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti kilimo, na tangu 2013 afisa wa nyanjani ni wenu. Wizara ya taifa ilibaki na sera. Kwa nini afisa haonekani? Labda pikipiki haina mafuta, labda wazee walistaafu na hakuna aliyeajiriwa. Tunakisia tu, maana barua zetu hazijibiwi.

Huku Ukambani unyevu si suala la bei pekee. Mwaka 2004 sumukuvu, ile sumu ya kuvu wa mahindi, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kuvu huingia mahindi yangali shambani, hasa ukame ukiyapata yanapochanua, kisha hushamiri yakihifadhiwa kabla hayajakauka.

Mkatuletea mifuko isiyopitisha hewa, ahsanteni. Lakini mfuko ule haukaushi kitu. Ukitia mahindi yenye unyevu, unyevu unabaki humo humo na punje zinaota ukungu. Siku ya kuigawa nani alilisema hilo? Hotuba zilikuwa nyingi.

Kwa sasa tunajipimia kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi, vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yanarudi juani, juu ya turubai. Ila chumvi hukamata unyevu unaozidi takriban asilimia 15 tu. Kati ya hapo na 13.5 hatuoni kitu, na ndipo ghala linapotunasa.

Hata Aflasafe, ile dawa ya shambani ya kuzuia sumukuvu, kilo 4 kwa ekari, mliileta mahindi yameshachanua. Humwagwa wiki mbili au tatu kabla, udongo ukiwa na majimaji.

Mliahidi mashine ya kukaushia kila wadi. Hiyo hatuidai tena. Tupeni afisa mmoja na kipima unyevu kimoja kila wadi, waje kabla hatujapukuchua. Kabla, Mheshimiwa, si baada ya lori kurudi.

Ni sisi wakulima wako wa mahindi.