Shukrani kwa Fundi Asiyetaka Kutajwa

Kwa heshima na taadhima ninamshukuru hadharani mzee wangu, fundi wa pwani ya Tanga asiyetaka jina lake litajwe, kwa msaada alionipa nilipokuwa nikiifufua boti kuukuu ya uvuvi yenye bodi mbili za faiba na injini mbili za dizeli.

Wengine walinishauri ninunue injini mpya. Yeye aliagiza kwanza tangi lisafishwe, kwa kuwa maji hutuama chini ya dizeli na kuharibu pampu na nozeli, kisha tukabadilisha chujio na kutoa upepo kwenye mfumo wa mafuta, na injini ya kushoto ikawaka. Ya kulia ilikuwa ikichemka kwa sababu tu ya mpira wa pampu ya maji ya chumvi yanayopoza injini, mpira uliokatika mabawa.

Zaidi ya yote, alinizuia kupaka rangi mapema, jambo ambalo sisi wenye boti za mtumba hulikimbilia mno. Alizizunguka bodi zote mbili akigonga taratibu kwa nyundo ndogo, na kila palipotoa mlio mzito alipachora duara kwa chaki, maana hapo tabaka za faiba zilikuwa zimeachana. Tukaziondoa, tukaosha kwa maji yasiyo na chumvi na kusubiri pakauke kabisa ndipo tukaziba. Vipande vya zinki vinavyolinda shafti na propela alivifunika kwa karatasi, kwani vikipakwa rangi havifanyi kazi.

Ujira aliukataa, akakubali kitoweo tu. Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri.