Kuifuatilia Meli Yako Ikivuka Mfereji wa Panama Kabla ya Zamu Yako Kufika

Mzee mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, ambaye yeye na mkewe wamekata kwetu tiketi ya meli ya kitalii itakayovuka Mfereji wa Panama, alinipigia simu saa tisa na nusu alasiri akiwa na wasiwasi. Meli watakayoipanda ilikuwa ikivuka mfereji huo siku ile na abiria wengine, naye alikuwa ameifungua ramani ya meli kwenye simu yake tangu alipomaliza chakula cha mchana. "Mwanangu," akaniuliza, "mbona hii meli haiendi? Imekwama?" Haikuwa imekwama. Ilikuwa imefungiwa ndani ya chumba cha maji ikingoja kuinuliwa. Kwa kuwa swali lake si la kwanza la aina hiyo kufika ofisini kwetu, tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Ile alama unayoiona kwenye tovuti kama MarineTraffic au VesselFinder inatokana na chombo cha redio ambacho kila meli ya abiria inayofanya safari za kimataifa hulazimika kuwa nacho. Chombo hicho hutangaza namba ya meli, mahali ilipo, mwendo wake na upande inakoelekea, tena kila baada ya sekunde chache meli inapokuwa njiani, na kila baada ya dakika tatu ikiwa imetia nanga. Mitambo ya nchi kavu huyanasa matangazo hayo kwa umbali wa makumi ya maili tu. Meli ikishafika bahari kuu hubaki setilaiti, na habari za setilaiti kwa kawaida hulipiwa. Kwa hiyo alama ikitoweka katikati ya Atlantiki, usiwapigie simu jamaa zako kuwatia hofu. Katika mfereji hali ni nyingine, kwa sababu nchi kavu iko karibu pande zote mbili.

Lakini si kila kinachoandikwa pale kimetoka kwenye mtambo. Bandari inayokwendewa na saa ya kuwasili huingizwa kwa mkono na ofisa wa meli, naye ni binadamu mwenye kazi nyingi. Tumeona meli iliyokwisha kung'oa nanga ikiendelea kuonyesha bandari iliyoiacha. Saa nazo huandikwa mara nyingi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa za Mombasa kwa saa tatu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato: toa tatu, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena. Saa 13:00 ya UTC ni saa kumi jioni hapa kwetu.

Tuurudie mfereji wenyewe. Una urefu wa kilomita 82 hivi, na ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914. Meli haipiti moja kwa moja, kwani Ziwa Gatun lililo katikati liko mita 26 juu ya usawa wa bahari, na meli inayotoka upande wa Karibi hupandishwa kwa hatua tatu katika malango ya Gatun, yaani vyumba vya maji vyenye milango, kisha upande wa pili hushushwa hatua moja Pedro Miguel na mbili Miraflores. Hakuna pampu: maji ya ziwa huteremka yenyewe na kukijaza chumba. Wakati huo wote mwendo unaosomeka kwenye ramani hukaribia sifuri, na hapo ndipo mzee wetu aliposhtuka. Alishtuka mara ya pili alipoona meli inayokwenda Pasifiki ikielekea kusini mashariki, nami nikamhakikishia kwamba nchi ya Panama imejipinda hivyo na kwamba rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ndiye anayeiongoza meli ndani ya mfereji badala ya nahodha.

Utamu zaidi uko kwenye kamera za mamlaka ya mfereji, ambazo hutazamwa bila malipo. Chumba cha malango ya zamani kina upana wa mita 33.5, na meli pana kuliko zote zinazoruhusiwa humo ina mita 32.3, yaani kila ubavu hubakiwa na nafasi ya shubiri tatu hivi, huku vichwa vidogo vya treni viitwavyo nyumbu vikiishika meli kwa kamba za chuma, omo na tezi. Meli zilizozidi upana huo hupitia malango mapya ya Agua Clara na Cocolí yaliyofunguliwa mwaka 2016, ambako kazi hiyo hufanywa na tagi, yaani meli ndogo za kuvuta na kusukuma nyingine. Ukiingojea meli ya namna hiyo kwenye kamera ya Miraflores utakesha bure. Panama iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo meli ikianza kupanda huko asubuhi, hapa ni alasiri, na kutoka kwake Miraflores huweza kufika saa tano usiku. Video hula bando, hivyo ni bora utumie waifai.

Waliokata safari za Mfereji wa Suez wajue kwamba ule hauna malango, na meli hupita kwa misafara. Ila tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi yalipoanza katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zimekuwa zikizungukia Rasi ya Tumaini Jema, na mabadiliko ya namna hiyo huyapata kwenye barua ya kampuni, si kwenye ramani.

Aliyekata tiketi kwetu hufanyiwa huduma hii bila malipo. Njoo na karatasi ya nafasi yako na simu yenye chaji. Tutaitafuta meli kwa namba yake ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu saba, kwa kuwa jina la meli hubadilika na namba hiyo haibadiliki, kisha tutakuwekea taarifa ikujulishe inapokaribia mfereji. Ijumaa tunafunga kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane kwa ajili ya swala.