Mama alipouona mpunga wa Charleston

Charlotte, North Carolina
27 Oktoba 2024

Mpendwa shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumaini hujambo, wewe na shemeji na watoto wote hapo Mbagala. Sisi huku tu wazima, ila baridi imeanza na Mama hatoki nje bila koti la Baba Rehema.

Uliniuliza kwenye simu kama Mama ameshatembezwa au anashinda ndani akichambua mchele. Nikakwambia nitakuandikia, maana haya si ya kusimulia kwa vocha. Wiki iliyopita tulimpeleka Charleston, mji wa zamani wa South Carolina, mwendo wa saa tatu na ushei kwa gari kutoka hapa. Ni mji ulioanzishwa mwaka 1670, na watu wanaujia kutoka pande zote kuangalia nyumba zake. Baba Rehema alitaka ngome ya Fort Sumter, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianzia tarehe 12 Aprili 1861. Watoto walitaka bahari. Mimi nilitaka Mama apumzike tu.

Asubuhi ya Jumamosi tulipotoka hotelini tukakuta mtaa umejaa maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, na juu mbingu ni nyeupe, hakuna hata wingu. Mwanangu Idi akasema bomba limepasuka. Mama akatazama yale maji, akachovya kidole akaonja, akacheka. "Bomba gani? Haya maji ya bamvua. Juzi mwezi ulikuwa mpevu, hamkuuona?" Akatuambia turudi ndani tunywe chai, yatakupwa yenyewe. Na kweli, kabla ya saa sita barabara ilikuwa imekauka, imebaki taka tu kando. Baadaye nikaelewa kwamba mji wenyewe ni rasi, mito ya Ashley na Cooper imeuzunguka huku na huku, na mitaa mingi imejengwa juu ya vijito vilivyofukiwa. Bahari inarudi kwenye njia zake za zamani. Mama, mtoto wa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, hakuhitaji kuelezwa hayo na mtu.

Mchana tukajiunga na kundi la kutembezwa kwa miguu. Tukaoneshwa zile nyumba 13 za East Bay Street zilizopakwa rangi za kila namna, waridi, kijani, manjano, zimebanana kama khanga kwenye kamba. Nyumba nyingine zinaipa barabara ubavu mwembamba, na baraza ndefu inakwenda pembeni ili kuukamata upepo. Mama alizipenda sana hizo baraza. Tatizo lilikuwa maneno ya yule kijana aliyetutembeza. Kila nyumba: huyu alitajirika kwa mpunga, yule alijenga kwa mpunga, familia hii ilikuwa hodari wa mpunga. Nilikuwa namtafsiria Mama. Mwisho akanivuta mkono akasema, muulize, walilima wenyewe?

Nikauliza. Kijana akajibu, kwa adabu lakini haraka, kwamba kazi ya shamba ilifanywa na watumwa. Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa. "Mwambie sikuuliza kazi. Mpunga wa maji ya kujaa si nguvu. Ni elimu."

Mwanahawa, wewe unajua kule kwetu delta unavyolimwa. Bahari ikijaa inayasukuma maji ya mto yarudi juu, nawe unayapokea shambani yale matamu. Ukikosea siku, chumvi ikaingia, mwaka wako umekwisha. Basi na huku walilima hivyo hivyo, kuanzia karne ya 18. Walikata misitu ya vinamasi, wakainua matuta marefu kwa majembe na mikono, wakaweka milango ya mbao ya kufungulia maji na kuyafunga. Watoto waliamia ndege. Mpunga ulitwangwa kwenye vinu vya magogo, kwa mchi, kama tunavyotwanga sisi. Wafanyabiashara wa mji huu walijua wanachonunua: kwenye magazeti yao walitangaza shehena za watu waliotoka "Pwani ya Mpunga", yaani pande za Sierra Leone na jirani zake. Wazungu waliotoka Uingereza mpunga hawakuukuta kwao. Kwa hiyo nyumba zile za waridi na manjano zilijengwa kwa akili za watu walioshushwa wamefungwa. Mimi ninaishi nchi hii mwaka wa tisa sasa, na sikuwa nimeliwaza jambo hilo hivyo mpaka Mama alipolisema barabarani.

Jengo la mnada wa watu bado lipo, mtaa wa Chalmers. Ni la mwaka 1859, na sasa ni makumbusho. Mama hakuingia. Alikaa nje na Rehema, sisi tukaingia na kutoka, wala sina mengi ya kukuandikia kuhusu humo. Jioni tulipita mbele ya kanisa la Mother Emanuel, ambamo waumini tisa waliuawa wakiwa kwenye darsa la Biblia tarehe 17 Juni 2015. Mama aliinua mikono akawaombea dua kimya kimya, hapo hapo kando ya njia.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Asubuhi tulikwenda makumbusho mapya ya Waafrika wa Marekani, yaliyofunguliwa Juni 2023. Yamejengwa pale pale ilipokuwa gati ya Gadsden, palipokuwa pakishushwa maelfu ya watu kabla biashara ile haijapigwa marufuku mwaka 1808. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo 18, ili ile ardhi yenyewe isijengewe. Chini yake, upande wa maji, kuna bwawa la kina kifupi, na sakafuni kwake zimechorwa sura za watu wamelazwa wamebanana bega kwa bega, kama walivyopangwa melini. Maji yanawafunika, halafu yanapungua mpaka wanaonekana, halafu yanarudi. Watu wengi wanapiga picha na kupita. Mama alikaa chini akasubiri yakupwe yote, yajae tena, yakupwe tena. Idi akakaa naye. Sijui walizungumza nini, na sikuwauliza.

Idi humo ndani alimpata shujaa wake, Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli ya jeshi la Kusini iliyoitwa Planter, wakati wa vita ile ya wenyewe kwa wenyewe. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, wazungu wa melini wakiwa wamelala mjini, alivaa kofia ya nahodha, akawapakia wenzake na wake zao na watoto, akapita mbele ya Fort Sumter akipiga honi za ishara kama desturi, mpaka akawafikia wanajeshi wa upande wa Kaskazini na uhuru wake. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge huko Washington. Mama alipohadithiwa akauliza kitu kimoja tu: maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Baba Rehema mpaka leo anatafuta jibu.

Halafu soko. Kuna soko refu lenye mapaa katikati ya mji, na humo wamo kina mama wa Kigullah, wajukuu wa wale walimaji wa mpunga, wenye lugha yao iliyochanganya Kiingereza na lugha za Afrika. Wanatengeneza vikapu. Mama alikuwa anapita tu, ghafla akasimama. Ukutani palitundikwa kitu kipana, bapa, cha duara. Akasema kwa sauti, "Ungo!"

Yule mama mwenye kibanda akamtazama. Mtu mzima kama yeye, miwani puani. Mama akaonyesha kwa mikono: akapepeta hewa, akarusha, akapuliza makapi. Yule mama akaweka kazi chini akacheka mpaka akashika kifua. Ndivyo ulivyo: wanauita jina linalotokana na kupepeta, na bibi zao waliupepetea mpunga. Akamvutia Mama kigoda.

Nikawaacha, maana tafsiri yangu ilikuwa inawachelewesha. Yeye hasuki kama sisi tunavyosuka ukili; wao wenyewe wanasema wanashona. Anachukua fungu la majani membamba makavu yenye harufu tamu kama nyasi zilizokatwa sasa hivi, analizungusha kama nyoka aliyejikunja, na kulifunga kwa ukanda wa jani la mnazi-mwitu wa huku. Shazia yake ni mpini wa kijiko: kichwa kimekatwa, ncha imetiwa tupa ikawa bapa. Anatoboa, anapitisha, anavuta, wala haangalii. Mama akaomba kijiko. Mishono mitatu ya kwanza ikalegea, yule mama akaifumua pole pole bila kusema neno, akamrudishia. Mshono wa nne alimkubalia kwa kichwa. Bei za vikapu vile si za mchezo, nami nilikuwa nimeguna nilipoziona. Mama akanigeukia: "Lipa. Umeona mwenyewe kazi yake."

Tulikula bamia, na wali uliopikwa na kunde, na biskuti za ufuta. Ufuta wanauita benne, jina lililotoka Afrika Magharibi. Mama aliweka biskuti mbili kwenye mkoba, anasema ni za safari, lakini nimeziona zipo kabatini mpaka leo.

Sasa nina ombi, shoga, na ni la Mama mwenyewe. Baba Rehema amemkatia kijiko kimoja cha jikoni na kukipiga tupa, na kila usiku anashona. Lakini amemwahidi yule mama ukili wa Rufiji, ajionee kusuka, na tutarudi Charleston mwezi wa nne kabla Mama hajasafiri. Hapa ukindu hakuna. Mtume mtu Kibiti siku ya gulio akununulie mafungu manne, mawili yaliyotiwa rangi, zambarau na nyekundu, mawili meupe. Mdogo wangu Hamisi anakuja Desemba, mpe yeye. Mama anasema usikubali ukindu mfupi, na uukunje kabla haujakauka sana usije ukavunjika njiani.

Wako akupendaye,
Mama Rehema