Mwani umekufa, na samaki nao

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza lau si taarifa yenu ya Jumamosi kuhusu kuangamiza mwani vidimbwini kwa dawa. Mwandishi wenu alieleza bei na namna ya kunyunyizia, kisha akaishia hapo, kana kwamba mwani ukishakufa huyeyuka ukatoweka.

Hautoweki. Huzama na kuoza, na kuoza huko ndiko kunakomaliza oksijeni majini, hasa usiku. Mwaka jana niliuziwa mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu inayoua mwani, katika duka moja la pembejeo mtaani kwetu, ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki usio na maandishi (wa aina iliyopigwa marufuku mwaka 2017, lakini hayo tuyaache), na muuzaji akaniagiza nimwage "hadi maji yabadilike rangi". Nilimwaga kidimbwi kizima siku moja, kwa kuwa hakuna aliyenionya kwamba hutibiwa sehemu tu, pengine theluthi, kisha mtu akasubiri wiki mbili hivi kabla ya kurudia. Wala kwamba shaba iliyomo huwadhuru samaki zaidi katika maji yenye chokaa kidogo, tena haiozi bali hubaki topeni. Alfajiri ya siku ya tatu niliwakuta ngege wameachama juu ya maji wakitafuta hewa, na kufikia saa tatu mimi na mke wangu tulikuwa tukiwazoa kwa karai, huku jirani akiuliza uani kama tunauza kwa bei ya hasara.

Na huo mwani ulilishwa na nani? Na majitaka ya ploti za juu, ambayo bomba lake limepasuka na hakuna anayejali. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambako watu waliwahi kuendesha mashua za tanga, lilimezwa na gugu maji kwa uchafu wa namna hiyohiyo.

Ninapendekeza kila auzaye mrututu alazimishwe kuandika kipimo kwa Kiswahili, kisha akeshe kando ya kidimbwi cha mteja kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na tochi. Mwandishi wenu anaweza kumsindikiza. Karai nitawaazima.

Mfugaji wa samaki,
Ruai, Nairobi