Shule zimefungwa, chuo hakijafungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi walioko mikoani. Wa kwangu wamo, maana baba hakosi gazeti lako.

Shule za msingi zilipofungwa Juni, mama alinipigia kutoka Dodoma: “Mdogo wako kesho anapanda treni, umpokee.” Nikamwambia wiki mbili zijazo nina UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Akashangaa. “Kwani si uko chuo tu? Huna mume, huna mtoto.” Kesho yake nilikuwa stesheni ya SGR nampokea mtoto wa miaka tisa, mkononi mfuko wa ubuyu, mdomoni habari za treni tu: eti ilifika 160 na yeye aliiona kwa macho yake.

Geto langu la Sinza ni chumba kimoja, kitanda kimoja, meza moja. Siku ya kwanza nilimpa simu acheze gemu. Saa nne asubuhi bando limekwisha. Siku ya pili nilitoka kuchota maji. Narudi, nakuta mizania, zoezi la mali na madeni ya kampuni nililokesha nalo mpaka hesabu zikalingana, imechorwa treni kwa kalamu zangu zote za rangi. Mabehewa nane, na madeni yote ya kampuni yamelala chini ya magurudumu. Nilitaka kumfinya, nikaishia kucheka.

Nikaanza kumtembeza. Kivuko cha Kigamboni, 200 kwenda, 200 kurudi, akataka tena. Makumbusho ya Taifa akasimama kwa Zinjanthropus, yule wa Olduvai aliyepatikana mwaka 1959, akauliza kwa sauti ya uwanjani: “Dada, meno yote haya alikuwa anakula miwa?” Watu wakageuka. Daftari langu la uhasibu wa gharama lilikuwa mapajani, ukurasa uleule tangu asubuhi. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, nalo lilikuwa limebaki la dagaa. Nikajaribu maktaba ya chuo, mlinzi hata salamu hakuimaliza: mtoto haingii. Simlaumu, ndiyo kazi yake.

Kilichoniokoa ni Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa mwaka 1967. Ina sehemu ya watoto. Nilimwacha huko na kitabu cha wanyama, nikakaa upande wa wakubwa saa tatu bila kuitwa “dada”. Nilipomfuata ndiye aliyekataa kutoka. Tatizo ni nauli. Watu wawili, kwenda na kurudi, kila siku? Hapana.

Sasa ombi langu. Ofisi ya serikali ya mtaa huwa na viti vya plastiki vinavyosubiri mkutano. Likizo ya Juni na ya Desemba, kwa nini watoto wasivikalie asubuhi, wakapewa vitabu vya hadithi na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia? Vitabu tutachanga. Mimi ninavyo vinne vya kuanzia, kimoja hakina jalada. Sisemi kwa ajili ya wanachuo peke yetu. Jirani yangu mama ntilie anashinda na wajukuu watatu kando ya jiko la mkaa.

Na wazazi, kabla ya kukata tiketi ulizeni kwanza ratiba ya mitihani. Baba, ukiisoma hii, Desemba sina mtihani. Mlete hata mwezi mzima, ila aje na daftari lake la kuchorea.

Dada mtu,
Mwaka wa pili, uhasibu,
Sinza, Dar es Salaam